Stima imerudi, seva imekataa: kutatua matatizo ya huduma za nyuma na faili zake za PID

Mvua ya radi ikitoka ziwani jioni, stima hapa Kisumu yaweza kupotea na kurudi mara mbili tatu kabla watu hawajalala. Asubuhi ndipo simu zinapoanza. Mwalimu wa kompyuta anapiga kutoka Vihiga: "Fundi, mfumo wa karo unasema tayari umewaka, lakini bursa hawezi kuingia." Karani wa chama cha akiba anapiga kutoka Nakuru: "Nimeizima, imesema imezimika, mbona bado inajibu?" Mwingine wa Busia anasema wazazi wamepokea ujumbe uleule wa salio mara mbili. Malalamiko ni tofauti, lakini ukichimba unakuta mara nyingi shida iko kwenye faili ndogo yenye nambari moja tu ndani.

Huduma ya nyuma, ile Unix huita dimoni, ni programu inayoendelea na kazi bila teminali na bila mtu aliyeketi mbele yake: seva ya wavuti, hifadhidata, kituma ujumbe. Kila mchakato, yaani programu inapokuwa ikiendeshwa, hupewa nambari na keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, na nambari hiyo ndiyo PID. Huduma nyingi zikishawaka huandika nambari yao kwenye faili, kwa mfano `/run/nginx.pid`, ili skripti ya kuzima ijue ishara (agizo fupi kwa mchakato, kama la kuzima) itumwe wapi. Keneli yenyewe haishughuliki na faili hiyo hata kidogo. Ni kama karatasi iliyobandikwa mlangoni ikisema mwenye duka yumo ndani: mwenyewe akitoka kwa mlango wa nyuma, karatasi haimwoni. Ndiyo maana katika kila dalili hapa chini swali la kwanza ni hilohilo moja. Nambari iliyomo kwenye faili, sasa hivi ni ya nani?

Nitatumia huduma ya kubuni iitwayo `karo`, inayokaa `/srv/karo`. Amri ni za Linux, hasa Ubuntu na Debian ambazo ndizo nyingi huku kwetu. Pale FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, inapotofautiana sana nitasema.

Dalili ya 1: Inakataa kuwaka, inasema tayari iko hai

Hii ndiyo inayoongoza kwa mbali. Ujumbe hutofautiana kati ya programu na programu. Gunicorn husema `Already running on PID 1423`, Rails husema `A server is already running`, Celery husema `Pidfile (celerybeat.pid) already exists`. Maana ni moja: nimekuta faili, kwa hiyo sitawaka.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni faili iliyobaki baada ya kifo cha ghafla. Huduma ikizimwa kwa utaratibu hufuta faili yake yenyewe. Stima ikikatika, au mtu akitumia `kill -9` (kuua kwa nguvu), au kumbukumbu ya mashine (RAM) ikijaa na keneli ikaua mchakato ili ipumue, hakuna nafasi ya kufuta kitu. Faili zilizo chini ya `/run` hazina shida hii baada ya kuwasha mashine upya, kwa sababu `/run` hukaa kwenye RAM na huanza tupu kila mara. Zinazosumbua ni zile zilizowekwa kwenye diski, ndani ya folda ya programu yenyewe. Mifumo mingi ya shule na ya chama huwekwa hivyo.

Anza na ukaguzi mwepesi:

```
cat /srv/karo/karo.pid
ps -p 1423 -o pid,ppid,user,lstart,args
```

Amri ya pili isipoonyesha mchakato wowote, hakuna aliye hai kwa nambari hiyo. Usifute faili bado. Isogeze kando, ili ukikosea uweze kuirudisha:

```
mv /srv/karo/karo.pid /srv/karo/karo.pid.zamani
```

Kisha washa huduma.

Ikionyesha mchakato, soma safu ya `args` (amri nzima iliyouwasha) kabla ya kuamini. Hapa ndipo watu wengi hukwama, na inafaa kueleza kwa nini. Mashine ikiwaka upya, keneli huanza kuhesabu PID kutoka chini tena, na huduma huwaka kwa mpangilio unaokaribiana na wa jana. Nambari ya jana ya `karo` kwa hiyo haikai bure. Mara nyingi leo inashikwa na kitu kingine kilichowaka wakati huohuo, labda huduma ya kuchapisha au ya saa. Skripti inayouliza tu "je, 1423 yuko hai?" hujibiwa ndiyo, na ni kweli yuko hai, ila si yule. Programu inakataa kuwaka, na ukiwasha mashine tena unaweza kukuta hali ileile.

Ukaguzi unaomaliza ubishi ni wa saa. Linganisha saa ya faili na saa mashine ilipowaka:

```
stat -c %y /srv/karo/karo.pid
uptime -s
```

Faili ikiwa ya zamani kuliko kuwaka kwa mashine, ni mabaki, kwa sababu hakuna mchakato unaovuka kuzimika kwa mashine. Vilevile, mchakato ambao `lstart` yake (saa ulipowaka) ni baada ya saa ya faili hauwezi kuwa ndio ulioiandika. Tahadhari moja tu: kompyuta kuukuu ambazo betri ya ubao mama imekufa, na Raspberry Pi hadi toleo la 4 ambazo hazina saa ya ndani, huwaka na tarehe isiyo sahihi mpaka zipate intaneti. Kwenye mashine kama hizo tegemea `args`, usitegemee saa.

Ukitaka kujua kilichoiua usiku, angalia:

```
journalctl -k -b -1 | grep -i 'killed process'
```

`-b -1` ni kipindi cha kabla ya kuwaka huku. Hufanya kazi tu kama folda `/var/log/journal` ipo na kumbukumbu za matukio (logi) zinahifadhiwa kwenye diski. Ukikuta jina la huduma yako hapo, RAM haitoshi, na kusogeza faili ya PID hakutakusaidia kwa muda mrefu.

Sababu ya pili ni kwamba huduma kweli iko hai. `args` inaonyesha ni yenyewe. Basi tatizo si faili. Nenda Dalili ya 2 au ya 6.

Sababu ya tatu ni kontena, programu iliyofungiwa peke yake kwa chombo kama Docker. Ndani ya kontena mchakato wa kwanza ni nambari 1, na programu yako hupata nambari ndogo ileile kila inapowaka. `docker restart` haifuti mafaili yaliyoandikwa ndani, kwa hiyo programu hukuta faili yenye nambari yake yenyewe, au ya mzazi wake, na kujidhania kuwa mwingine. Kontena haihitaji faili ya PID hata kidogo, maana mwangalizi wake anajua mchakato uko wapi. Kwa Celery zima faili kabisa kwa `--pidfile=` bila kitu mbele yake. Kwa Rails, weka `rm -f tmp/pids/server.pid` kwenye skripti inayotangulia kuwasha programu.

Kosa jingine hujificha kwenye skripti za kienyeji. `kill -0 1423` haiui mtu; huuliza tu kama mchakato upo. Ikijibu `No such process`, hayupo. Ikijibu `Operation not permitted`, yupo, ila ni wa mtumiaji mwingine. Skripti nyingi hutupa ujumbe wa kosa kwenye `/dev/null` na kuhesabu majibu yote mawili kuwa "amekufa". Matokeo yake ni nakala ya pili inayowashwa juu ya ya kwanza.

Simama hapa kama ni PostgreSQL. Faili yake ni `postmaster.pid` na inakaa ndani ya folda ya data. PostgreSQL hukagua yenyewe kama faili ni mabaki, na ikikataa kuwaka ina sababu. Tazama kwanza `ps -u postgres -o pid,ppid,lstart,args`. Kama kuna mchakato wowote wa hifadhidata uliobaki hai, hata mtoto aliyefiwa na mzazi, usiguse faili. Ukiifuta na kuwasha seva ya pili juu ya data ileile, data huharibika, na uharibifu wa aina hiyo hauonekani siku hiyo hiyo. Kama huna uhakika na kilichomo kwenye orodha hiyo, mwite mtu wa hifadhidata. Rekodi za karo za muhula mzima zina thamani kuliko asubuhi moja ya kusubiri.

Dalili ya 2: Hali inasema imezimika, lakini bado inajibu

Kwa kawaida mtu aliiwasha kwa mkono siku fulani, nje ya utaratibu, labda kwa `./karo &` wakati wa haraka, na akaondoka. Msimamizi wa huduma hana habari naye. Sababu inayofuata kwa wingi ni kwamba mtu alifuta faili ya PID wakati huduma iko hai. Ya tatu: programu iliandika nambari ya mzazi, kisha mzazi akazaa mtoto na kuondoka, nambari ikabaki ya marehemu.

Usitafute kwa jina kwanza. Tafuta kwa poti (nambari ya mlango wa mtandao), maana anayejibu wateja lazima ashike poti:

```
sudo ss -ltnp 'sport = :8080'
```

Kwenye FreeBSD ni `sockstat -4 -l`. Ukishapata nambari, muulize systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, mchakato huo ni wa nani:

```
systemctl status 1423
```

Ndiyo, amri hiyo hukubali PID. Ikikuonyesha huduma, mchakato unamilikiwa na huduma hiyo. Ikikuonyesha kikao cha mtumiaji, umempata aliyewashwa kwa mkono. Mzime kwa upole, `kill 1423`, subiri, hakikisha poti imeachiliwa, kisha iwashe huduma kwa `systemctl start karo`.

Ukipenda kutumia `pgrep`, kumbuka kwamba Linux huhifadhi herufi 15 tu za jina la mchakato. Programu yenye jina refu, kama `kituma-ujumbe-wa-karo`, haitapatikana kwa jina lake kamili mpaka uongeze `-f`. Na `-f` hutafuta kwenye mstari mzima wa amri, kwa hiyo hupata hata programu ya kuhariri iliyofungua faili yenye jina hilo. Soma orodha kwa `pgrep -af karo` kabla hujaituma kwa `pkill`.

Dalili ya 3: `systemctl start` inaganda, kisha inashindwa

Unasubiri karibu dakika moja na nusu (kwa kawaida systemd husubiri sekunde 90), halafu kosa. Kwenye `journalctl -u karo -b` kuna mstari kama `Can't open PID file /run/karo.pid (yet?) after start`.

Mara nyingi faili ya huduma ina `Type=forking`, yaani systemd imeambiwa kwamba programu itajizalia mtoto nyuma kisha mzazi aondoke, ilhali programu haifanyi hivyo. Inabaki mbele, systemd inasubiri mzazi aondoke, muda unaisha. Sababu ya pili ni njia mbili zisizolingana: `PIDFile=` inasema `/run/karo.pid`, mipangilio ya programu inasema `/srv/karo/karo.pid`. Ya tatu ni ruhusa, kwa kuwa `/run` ni ya root (mtumiaji mkuu wa mashine), na mtumiaji `karo` hawezi kuunda faili pale.

Unaweza kurekebisha njia na ruhusa, na itafanya kazi. Lakini ushauri wangu, na ninausema kwa mkazo, ni kuachana na faili ya PID kabisa pale systemd ipo. Iache programu ibaki mbele, systemd iishike moja kwa moja:

```
[Service]
Type=simple
User=karo
RuntimeDirectory=karo
ExecStart=/srv/karo/bin/karo
Restart=on-failure
```

Kila programu ina namna yake ya kubaki mbele. Nginx ni `daemon off;`, Redis ni `daemonize no`, sshd ni `-D`, na Gunicorn hubaki mbele mpaka uiambie `--daemon`. Baada ya kubadilisha, `sudo systemctl daemon-reload`, kisha washa. Mzazi wa mchakato anajua mtoto wake amekufa papo hapo, bila kusoma faili yoyote. Stima ikipotea usiku, asubuhi hakuna karatasi ya zamani ya kubishana nayo.

Ukikuta ujumbe unaosema faili ya PID si ya root na mwisho wake ni `Refusing`, usiuzunguke kwa kubadilisha mmiliki wa faili. Ulinzi huo una sababu: mtumiaji wa kawaida anayeweza kuandika faili hiyo angeweza kuweka nambari ya mchakato wowote, na systemd ikiwa na nguvu za root ikauua. Udhaifu wenyewe ulisajiliwa kama CVE-2018-16888.

Ukijaribu mara nyingi haraka haraka utapata `Start request repeated too quickly`. Kawaida ni majaribio 5 ndani ya sekunde 10. `systemctl reset-failed karo` huondoa kizuizi, lakini rekebisha kosa la kwanza kabla ya kukiondoa.

Dalili ya 4: Ilifanya kazi vizuri mpaka mashine ilipowashwa upya

Kosa ni `No such file or directory` kwenye `/run/karo/karo.pid`. Mtu aliunda folda `/run/karo` kwa mkono, ikafanya kazi miezi kadhaa, stima ikapotea, folda ikatoweka pamoja na RAM. `/var/run` si kimbilio, maana kwenye Linux za leo ni kiungo tu kinachoelekea `/run`.

`RuntimeDirectory=karo` hapo juu hutatua hili: systemd huunda folda kila huduma inapowaka na kumpa mtumiaji sahihi. Kama huduma haiwashwi na systemd moja kwa moja, andika mstari huu kwenye `/etc/tmpfiles.d/karo.conf`:

```
d /run/karo 0755 karo karo -
```

kisha `sudo systemd-tmpfiles --create`.

Dalili ya 5: Faili ya PID ni tupu, au ina kitu cha ajabu

Nginx hulalamika `invalid PID number "" in "/run/nginx.pid"`. Kagua kwanza nafasi: `df -h` na `df -i`, maana diski yaweza kuwa na gigabaiti tele lakini imeishiwa na nafasi za kuorodhesha faili. Kagua na `/run` yenyewe. Diski ikijaa, faili huundwa lakini nambari haiingii. Sababu nyingine ni stima kukatika katikati ya kuandika, faili ikabaki na baiti sifuri. Kwa nginx hasa, kama hakuna mchakato wake ulio hai, `nginx -s reload` haina wa kumtumia ishara. Washa kwa `systemctl start nginx`.

Hatari ya dalili hii iko kwenye skripti zinazoandika `kill $(cat karo.pid)` bila kuangalia. Faili ikiwa tupu, `kill` hulalamika tu. Ikiwa na 0, ishara huenda kwa kundi zima la michakato ya skripti yenyewe. Ikiwa na `-1`, skripti ikatumia `kill -9 $(cat karo.pid)`, na wewe ni root, ishara huenda kwa karibu kila mchakato kwenye mashine. Hospitali au chama kikiwa kwenye seva hiyo, kila kitu kinasimama kwa pamoja. Weka kizuizi hiki kwenye kila skripti unayoandika:

```
n=$(cat /srv/karo/karo.pid)
case "$n" in
  ''|*[!0-9]*|0|1) echo "Nambari haifai: [$n]"; exit 1 ;;
esac
```

Dalili ya 6: Haitaki kuzimika

Mpe muda kwanza. `kill` bila nyongeza hutuma SIGTERM, ombi la kuzima kwa utaratibu, na hifadhidata yenye kazi nyingi yaweza kuhitaji dakika kadhaa kumaliza kuandika. Angalia hali yake:

```
ps -o pid,ppid,stat,wchan,args -p 1423
```

Herufi ya kwanza ya `stat` ndiyo habari. `Z` ni zombi: ameshakufa, anasubiri mzazi wake asome taarifa ya kifo. Huwezi kumuua tena. Shughulika na mzazi, ambaye ni `ppid`. `D` ni mchakato uliokwama ndani ya keneli ukisubiri kifaa, mara nyingi diski au folda ya mtandao ambayo upande wa pili umezimika. `kill -9` haitamgusa mpaka kifaa kijibu.

Simama hapa ukiona `D` inayodumu na `dmesg` inaonyesha `I/O error`. Hiyo ni diski inayokufa, hasa baada ya radi au stima iliyorudi kwa kishindo. Usiwashe mashine upya mara kwa mara ukitumaini itapona, na usikimbize ukarabati wa mfumo wa faili kwenye diski hiyo. Kila jaribio laweza kuwa la mwisho. Mwite mtaalamu wa kuokoa data wakati diski bado inasomeka.

`kill -9` kwa huduma nyingine ni hatua ya mwisho, na ukiitumia jua kwamba unazalisha Dalili ya 1 kwa mikono yako, kwa kuwa faili ya PID itabaki. Kwa hifadhidata, usiitumie kabisa.

Dalili ya 7: Kazi inafanyika mara mbili

Hii ndiyo ya wazazi wa Busia. Skripti iko kwenye cron, kiratibu cha kazi za saa, kila dakika 5. Siku mtandao uko polepole, ya kwanza haijamaliza, ya pili inaanza. Zote mbili zinakagua faili ya PID, zote zinaikuta haipo, zote zinaandika. Kati ya kukagua na kuandika kuna mwanya, na hakuna uhodari wa kuandika skripti unaouziba mwanya huo kwa faili ya PID ya kawaida. Dawa ni kufuli la keneli:

```
*/5 * * * * flock -n /run/lock/karo.lock /srv/karo/tuma-ujumbe
```

Ya pili ikikuta kufuli limeshikwa inaondoka kimya. Mchakato ukifa kwa namna yoyote, keneli huachilia kufuli yenyewe, kwa hiyo hakuna mabaki. Mambo mawili ya kuangalia: kama `tuma-ujumbe` huacha mtoto nyuma, mtoto hurithi kufuli na kulishikilia, basi ongeza `-o`, na usifute faili ya kufuli ukidhani unasafisha, kwa sababu anayekuja ataunda faili mpya na wawili watashika makufuli mawili tofauti kila mmoja akijiona yuko peke yake.

Simama kama kazi iliyorudiwa ni ya pesa. Ikiwa nakala mbili zilikuwa zikiingiza malipo ya M-Pesa kwenye leja, zima cron, usirekebishe rekodi hata moja kwa mkono, toa nakala ya hifadhidata kama ilivyo, kisha waite aliyeandika mfumo pamoja na mhasibu. Ukianza kufuta malipo yanayofanana utafuta na ya mzazi aliyelipa kweli mara mbili kwa watoto wawili.

Dalili ya 8: Diski bado imejaa ingawa faili za logi zimefutwa

`sudo lsof +L1` huonyesha faili zilizofutwa ambazo bado zimefunguliwa. Kama nginx imo, logrotate, programu inayosogeza logi za zamani, ilisogeza faili lakini ishara ya USR1, inayomwambia nginx afungue faili mpya, ilienda kwenye njia isiyo sahihi ya PID au haikuenda kabisa. Linganisha njia iliyo `/etc/logrotate.d/` na mstari wa `pid` kwenye mipangilio ya nginx. Wakati huohuo, `systemctl reload nginx` itarudisha nafasi.

Dalili ya 9: Inakufa ukitoka kwenye SSH

Kwa kawaida ni SIGHUP, ishara inayotumwa kikao kinapofungwa, au systemd-logind, inayosimamia vikao vya watumiaji, imewekewa `KillUserProcesses=yes`. `nohup` hutatua la kwanza, `loginctl enable-linger` pamoja na huduma ya mtumiaji hutatua yote mawili. Na kama ulihifadhi nambari kwa `sudo karo & echo $! > karo.pid`, umehifadhi PID ya sudo, si ya karo. Iandikie faili ya huduma.

Ukilazimika kumpigia fundi

Usiwashe mashine upya kabla ya kumpigia, kwa sababu ushahidi mwingi uko kwenye RAM. Mtumie matokeo ya amri hizi, yaliyonakiliwa kama maandishi, maana picha ya skrini iliyopigwa kwa simu hukata mistari mirefu:

```
uptime -s; date
ls -l /srv/karo/karo.pid; cat /srv/karo/karo.pid
ps -eo pid,ppid,user,stat,lstart,args
df -h; df -i
journalctl -u karo -b --no-pager | tail -n 100
```

Ongeza maneno yako mwenyewe: stima ilipotea saa ngapi, nani aligusa nini baada ya hapo, na kama UPS ilishika au haikushika. Kabla ya kutuma, pitia safu ya `args`. Programu nyingine hupewa nenosiri la hifadhidata kwenye mstari wa amri, na `ps` huliweka wazi. Likiwemo lifiche, kisha mwambie fundi alibadilishe na kulihamishia kwenye faili inayosomwa na mtumiaji `karo` peke yake.